Semista moja Ulaya kwa mwanafunzi wa biashara: hatua kwa hatua, bila dalali

Wadogo zangu wa BCom, BBA na wale wa uhasibu, maswali yamekuwa yale yale. Matokeo ya semista yakitoka tu watu wanakuja inbox, "kaka hizi programu za kubadilishana wanafunzi zinaombwa wapi", "nimeona tangazo la Erasmus, vyeti nimtumie nani", "lazima niwe na IELTS?", "mwaka wa tatu naruhusiwa?". Kujibu mmoja mmoja kwa voisi noti nimechoka, kwa hiyo naandika yote hapa na ukija tena kuniuliza nitakurudisha hapa hapa.

Naongelea Erasmus+ kwa sababu ndiyo iko wazi kwa vyuo vya kwetu, Tanzania, Kenya, Uganda na majirani. Ni mpango wa Umoja wa Ulaya, ulianza 1987 ukiwa wa Wazungu wenyewe kwa wenyewe, na awamu ya sasa inaanzia 2021 mpaka 2027. Mifano mingi nitatoa Ujerumani maana makaratasi ya kule ndiyo yanatoa watu jasho, ukiyaweza yale, ya Finland au Ureno hayakusumbui.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote. Hii SIO skolaship unayoomba mwenyewe mtandaoni. Ni makubaliano ya vyuo viwili, chako na cha kule, na wewe unaenda ukiwa bado ni mwanafunzi wa chuo chako, unasoma semista moja au mbili huko, unarudi na maksi zako zinaingia kwenye transkripti yako ya hapa. Ada ya chuo cha kule hulipi. Sasa kama chuo chako hakina mkataba na chuo chochote cha Ulaya, basi hata uwe na GPA ya 4.9 hakuna mlango wa kugonga (hilo nalo lina njia yake, liko chini kabisa).

Watu wanachanganya na vitu viwili. Kuna Erasmus Mundus, hiyo ni masta nzima, unaomba mwenyewe moja kwa moja baada ya digrii ya kwanza, wanalipa euro 1,400 kwa mwezi, ni kitu kingine kabisa. Halafu kuna AIESEC, ile ya wanafunzi wenyewe iliyoanza 1948, inakupeleka kujitolea au kufanya kazi kwa muda kwenye kampuni nje, nzuri tu kwa CV ila usitegemee itakuingizia krediti za darasani.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Pasipoti, au angalau uwe umeshaanza mchakato. Ya Tanzania ni shilingi 150,000. Usisubiri uchaguliwe ndio ukimbilie Uhamiaji, maana ukikuta jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la kwenye kitambulisho cha NIDA hapo una wiki kadhaa za kuzunguka.
- Transkripti ya muda ya semista ulizomaliza, yenye muhuri. Angalau mwaka mmoja uwe umemaliza.
- Barua ya chuo kwamba unafundishwa kwa Kiingereza. Vyuo vingi vya kule wanaikubali badala ya IELTS (ule mtihani wa kupima Kiingereza), kwa hiyo usiende kulipia mtihani kabla hujauliza.
- CV ya muundo wa Europass, bure mtandaoni, kurasa mbili zinatosha.
- Imeili yenye jina lako halisi. Zile za "mrembo2003" na "bigboss_tz" ziache nyumbani.
- Hela ya kuanzia. Ruzuku ipo lakini inakuja umeshatumia zako, nitaeleza.

Hatua ya 1: Nenda ofisini, usianzie Google

Kila chuo kina ofisi ya mahusiano ya kimataifa, vingine wanaiita kurugenzi ya ushirikiano, vingine ni chumba kimoja nyuma ya jengo la utawala na dada mmoja mwenye mafaili mengi. Nenda na miguu yako. Ulizia vitu vitatu: mikataba ya Erasmus+ iliyo hai sasa hivi ni ya vyuo gani, ipi kati ya hiyo inagusa biashara na uchumi, na inabeba wanafunzi wa ngazi gani.

Hicho cha pili ndicho wengi hawaulizi. Mkataba unaweza kuwepo na chuo kizuri kabisa lakini ukawa wa kilimo au uhandisi tu, wewe wa masoko huingii. Na cha tatu vilevile, unakuta mkataba unasema wanafunzi wawili wa masta na mhadhiri mmoja, digrii ya kwanza hakuna.

Ukitoka hapo pita kwa mkuu wa idara au koodineta wa shule yako ya biashara, maana matangazo mengine yanaishia kwenye imeili za walimu na kwenye ubao hayafiki.

Hatua ya 2: Pima kalenda

Chukua kalenda ya chuo chako na ya kule, uziweke pamoja. Ujerumani kwenye vyuo vikuu semista ya baridi kiofisi ni 1 Oktoba mpaka 31 Machi, darasani wanaingia katikati ya Oktoba, wanamaliza vipindi mwanzoni mwa Februari halafu ndio mitihani. Sasa wewe semista yako ya pili hapa inaanza Machi au mwishoni mwa Februari. Mtihani mmoja ukiwekwa mwezi wa tatu, umeshagongana. Finland semista ya vuli wanaanza mwishoni mwa Agosti au Septemba na kabla ya Krismasi wamemaliza, kwa hiyo kwa mtu anayetaka kurudi kuendelea na semista ya pili bila kupoteza kitu, mimi namwambia aangalie Finland kwanza hata kama moyo wake uko Berlin.

Mwaka gani uende? Wa pili, au semista ya kwanza ya mwaka wa tatu. Semista ya mwisho usiende. Unakuwa na risachi, una kozi za lazima ambazo hazirudiwi mpaka mwaka unaofuata, na matokeo ya kule yakichelewa jina lako halipelekwi seneti, wenzako wanavaa majoho wewe unapiga nao picha tu.

Hatua ya 3: Chagua kozi, na hapa ukae

Hii hatua watu wanaipitia juu juu wakati ndiyo inayoamua kama utarudi na semista kamili au utarudi na stori na picha za theluji.

Kule wanahesabu kwa ECTS, yaani krediti za mfumo wa Ulaya. Mwaka mzima ni 60, semista ni 30. Kozi moja ya biashara mara nyingi ni 5 au 6, Sweden na Denmark utakuta 7.5. Kwetu Tanzania kwa utaratibu wa TCU, tume ya vyuo vikuu, mwaka ni krediti 120, kwa hiyo kwa hesabu ya mwaka kwa mwaka, 1 ya kwao inakaa kwenye 2 za kwetu, kozi ya 6 inalingana na yetu ya 12. Mwalimu wako anaweza kukataa akasema krediti ya kwetu ni masaa 10 na ya kwao ni 25 mpaka 30 hivyo hazilingani. Anasema kweli, na hiyo inakusaidia wewe, maana inaonyesha kozi ya kule ina kazi nyingi zaidi. Mwambie kwa adabu.

Fanya hivi. Chora jedwali, kushoto kozi zako za semista hiyo hapa, kulia kozi ya kule inayofanana, halafu printi maelezo ya kila kozi ya kule, mada zake, vitabu, namna ya mtihani. Mpelekee mwalimu wa kozi husika, mmoja mmoja. Usimpelekee jina la kozi peke yake, atasema "hapana" kwa sababu hajui kuna nini ndani, na mimi ningekuwa yeye ningesema hapana pia.

Tahadhari kwa watu wa biashara hasa:

Kozi za sheria na kodi usizihamishe. Taxation ya hapa ni sheria ya kodi ya Tanzania, ya kule ni ya kwao, na wewe mbele una mitihani ya uhasibu ya NBAA (au KASNEB kama uko Kenya) ambayo haina habari na kodi ya mapato ya Ujerumani. Soma hizo nyumbani.

Uhasibu angalia ndani. Tanzania tunatumia IFRS, viwango vya kimataifa vya uhasibu, tangu 2004. Ujerumani kampuni nyingi hesabu zao za ndani ya nchi zinafuata sheria yao inayoitwa HGB, kwa hiyo kozi ya uhasibu ya kule inaweza kuwa ni HGB mwanzo mwisho. Tafuta iliyoandikwa IFRS au uhasibu wa kimataifa.

Zinazohama vizuri ni masoko, menejimenti, ugavi, fedha za kampuni, biashara ya kimataifa, takwimu, ujasiriamali. Hizo popote ulipo mada hazipishani sana.

Lugha ya kufundishia. Ukurasa wa kozi unaweza kuwa kwa Kiingereza na kozi yenyewe ikawa kwa Kijerumani. Tafuta palipoandikwa lugha ya kufundishia, usikisie.

Na kozi za masta hazichukuliwi na mtu wa digrii ya kwanza, hata jina likiwa tamu namna gani. Chagua nane ujue utabaki na tano.

Hatua ya 4: Omba ndani ya chuo chako

Mchujo wa kwanza ni hapa nyumbani. Wanaangalia GPA, barua ya maombi, wakati mwingine usaili mfupi. Barua ndiyo inaua watu. Karibu kila barua ninayopewa niipitie inaanza na "Ulaya ni bara lililoendelea na ningependa kupanua upeo wangu". Ukimaliza kuisoma humjui mwandishi anasoma nini.

Andika kitu ambacho ni wewe tu unaweza kuandika. Kuna binti mmoja wa masoko kutoka Mtwara aliandika kwamba nyumbani kwao wanauza korosho kwa stakabadhi ghalani, ameona mnada unavyopanga bei na mkulima anavyosubiri malipo, na kule anataka kozi mbili, akazitaja kwa majina, ya ugavi na ya masoko ya bidhaa za kilimo, ili risachi yake ya mwaka wa tatu iwe kuhusu mnyororo wa korosho. Ukurasa mmoja tu. Alipita. GPA yake ilikuwa ya kawaida, kulikuwa na waliomzidi.

Fomati: nani wewe, kozi zipi na kwa nini chuo kile, utarudi kufanya nini nazo. Basi. Usiweke historia ya Erasmus humo ndani, wanaijua.

Hatua ya 5: Uteuzi, halafu maombi ya kule

Ukipita, chuo chako kinapeleka jina lako kule. Huo ni uteuzi, bado hujakubaliwa. Baada ya hapo chuo cha kule kinakutumia linki ujaze maombi yao mwenyewe, na hapo kuna tarehe ya mwisho ambayo haina huruma. Kwa semista ya vuli tarehe hizi mara nyingi zinaangukia Aprili mpaka Juni, kwa semista ya kuanzia Januari au Machi zinaangukia Oktoba au Novemba. Imeili yao inaweza kuingia kwenye spam, kwa hiyo kagua spam kila siku, nasema kila siku.

Ukiwaandikia, imeili iwe fupi. Kwenye kichwa weka jina lako, chuo chako na semista unayokuja. Ndani uliza maswali yako kwa namba. Usianze na "natumaini hujambo wewe na familia yako" aya nzima, kwetu ni adabu ila yule afisa ana wanafunzi mia na anatafuta swali liko wapi.

Hatua ya 6: Mkataba wa masomo

Hati inaitwa Learning Agreement. Ina jedwali la kozi utakazosoma kule na jedwali la kozi zitakazofidiwa hapa. Inasainiwa na watu watatu: wewe, chuo chako, chuo cha kule. Siku hizi vyuo vingi wanaijaza mtandaoni.

Usipande ndege hii haijasainiwa na wote. Usikubali "nenda tu ukirudi tutaangalia". Anayekuambia hivyo anaweza akahamishwa, akastaafu, akaenda likizo ya uzazi, na atakayekaa kwenye kiti chake hakujui.

Pamoja na hiyo, omba barua ya pili ya chuo chako inayosema maksi za kule zitabadilishwaje. Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu kabisa na 4.0 ndiyo ya kupita, ukipata 5.0 umefeli. Finland ni 1 mpaka 5 na 5 ndiyo ya juu. Ufaransa ni kati ya 20, unapita na 10, na mwenye 16 anatembea kifua mbele. Uholanzi ni kati ya 10, unapita kwa 5.5 na 10 yenyewe karibu hawatoi. Sasa mtu wa mitihani hapa aliyezoea A ni kuanzia 70, akiona 1.7 kwenye karatasi anadhani umefeli wakati umefanya vizuri sana. Jedwali la kubadilisha liwekwe kwenye maandishi kabla.

Kama una mkopo wa HESLB, au HELB kwa Kenya, muone afisa mikopo wa chuo kabla hujaondoka, mweleze utakuwa nje tarehe fulani mpaka fulani, kusaini kutakuwaje. Mpe barua, achukue nakala, wewe ubaki na yenye muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 7: Hela

Ruzuku ya awamu hii kwa mwanafunzi anayetoka kwetu kwenda Ulaya ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi. Nauli wanatoa kiwango maalum kwa umbali wa kilomita, haijalishi tiketi umenunua bei gani, kwa hiyo ukipata ya bei nafuu inayobaki ni yako. Kuna na nyongeza ya euro 250 kwa mwezi kwa wenye ulemavu au waliotoka mazingira magumu, vigezo muulize koodineta, usione aibu.

Tatizo ni muda. Mara nyingi sehemu ya kwanza inaingia baada ya kufika na kusaini karatasi ya kuwasili, na sehemu ya mwisho inatolewa baada ya kujaza ripoti ukimaliza. Kwa hiyo viza, bima, dipoziti ya chumba, chakula cha wiki za kwanza, vyote vinatoka mfukoni kwenu, na tiketi nayo mara nyingi hivyo hivyo. Kaeni na wazazi mapema, sio wiki ya mwisho. Vyuo vingine vya kule wakiombwa wananunua tiketi wenyewe, muulize koodineta wa kule swali hilo moja kwa moja.

Ada hulipi ila kuna michango midogo ambayo hata wanafunzi wao wanalipa. Ujerumani kuna mchango wa semista, mara nyingi ndani yake kuna tiketi ya usafiri kwa hiyo lipa bila kulalamika.

Hatua ya 8: Viza

Ukikaa zaidi ya siku 90 unahitaji viza ya kitaifa, ile ya aina D. Ile ya kutembelea ya Schengen haikufai, na huwezi kuingia na ya kutembelea ukabadilishia huko huko, usidanganywe.

Kwa Ujerumani, tangu Januari 2025 wana potali ya kujazia maombi ya viza za kitaifa mtandaoni, lakini bado utaenda mwenyewe kwa alama za vidole na kuonyesha hati halisi. Dar ubalozi uko Umoja House, jengo lile lile la Waingereza na Waholanzi. Ada ni euro 75. Nchi nyingine wanapokea kupitia wakala kama VFS Global, angalia tovuti ya ubalozi wa nchi yako husika.

Kitu kinachowakwamisha wengi ni uthibitisho wa hela. Ujerumani tangu Septemba 2024 wanataka uonyeshe euro 992 kwa mwezi. Ruzuku yako ni 900 au chini. Umeona pengo? Kwa miezi 5 ukiwa na ruzuku ya 900 ni euro 460 ambazo lazima uonyeshe zinatoka wapi. Njia ni akaunti maalum inayofungiwa hela, wenyewe wanaita Sperrkonto, unaweka unakuwa unatoa kidogo kidogo kila mwezi, au mdhamini anayekubalika. Waulize ubalozi kwa imeili mapema, ukiwa na barua yako ya ruzuku, wakuambie pengo wanataka ulizibe vipi.

Bima: kwa viza iwe angalau ya euro 30,000 kwa matibabu. Ujerumani ukishafika mwanafunzi anatakiwa awe na bima ya afya ya kule, ya wanafunzi walio chini ya miaka 30 inakula zaidi ya euro 100 kwa mwezi. Iweke kwenye bajeti, hii ndiyo inashtua watu.

Omba viza mara tu barua ya kukubaliwa ikifika. Siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Chumba

Omba hosteli ya wanafunzi kupitia chuo au shirika la makazi ya wanafunzi, Ujerumani linaitwa Studierendenwerk, Helsinki kuna HOAS. Jaza hata kabla ya viza kutoka. Foleni ni ndefu.

Ukikosa ukaenda kwenye vyumba vya watu binafsi, jua kuna dipoziti, sheria ya Ujerumani inaruhusu mpaka kodi ya miezi mitatu. Na jua wezi wapo. Picha nzuri, bei ndogo, mwenye nyumba "yuko London kikazi", anasema tuma dipoziti funguo zitakuja kwa DHL. Huyo ni tapeli, hata akikutumia picha ya pasipoti yake. Hela usitume kwa mtu ambaye hakuna mtu wenu wa huko aliyekiona hicho chumba.

Hatua ya 10: Wiki mbili za kwanza

1. Saini karatasi ya kuwasili chuoni, bila hiyo ruzuku haitembei.
2. Jiandikishe manispaa. Ujerumani una siku 14 tangu kuhamia, na unahitaji fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba unaishi pale. Bila huo usajili mambo mengi yanasimama, benki, bima, kibali cha kukaa.
3. Bandika jina lako kwenye sanduku la barua, kwa herufi zile zile za pasipoti. Kule mtu wa posta haulizi jirani, asipoona jina barua inarudi ilikotoka, na kadi yako ya benki na namba yake ya siri vyote vinakuja kwa posta. Karatasi na selotepu inatosha.
4. Jisajili kwenye kozi, NA ujisajili kwenye mitihani. Hivi ni vitu viwili tofauti. Ujerumani mitihani ina dirisha lake la usajili, likifungwa hufanyi mtihani hata kama hujakosa kipindi hata kimoja.
5. Uliza mtihani una uzito gani. Sisi tumezoea kozwaki 40 na mtihani wa mwisho 60. Kule unaweza kukuta mtihani mmoja wa dakika 90 ndio asilimia 100, hakuna jaribio la kukuokoa.

Kazi za muda: Ujerumani tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kutoka nje anaruhusiwa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Lakini una miezi mitano na kozi tano, mimi nisingeweka kazi kwenye mpango wa hela.

Hatua ya 11: Kabla hujarudi

Pata karatasi ya kumaliza yenye tarehe ya mwisho, isainiwe wiki ile ile ya kuondoka, sio mapema. Hakikisha akaunti ya benki imefungwa, bima ikatishwe, jina lifutwe manispaa. Matokeo rasmi chuo cha kule kinatakiwa kuyatuma ndani ya wiki 5 tangu yatangazwe, wewe omba nakala ije kwako pia. Jaza ripoti ya Umoja wa Ulaya ukipata linki, sehemu ya mwisho ya hela imekaa hapo.

Mambo yakienda kombo

*Nimefika, kozi imejaa au ratiba zinagongana.* Karibu kila mtu. Mkataba wa masomo una sehemu ya mabadiliko, kawaida unapewa wiki 5 za mwanzo. Badilisha, watie saini wote watatu tena. Usisome kozi ambayo haipo kwenye karatasi ukitegemea utaeleza ukirudi.

*Ruzuku haijaingia na mwezi umeisha.* Angalia kwanza kama karatasi ya kuwasili ilipokelewa na kama IBAN (namba ya akaunti yako ya benki ya kule) uliandika sawasawa. Halafu mwandikie koodineta wa kule umweleze una shilingi ngapi na kodi inatakiwa lini, kwa namba. Ukisema "nina changamoto kidogo" atadhani unaweza kusubiri.

*Imekuja barua inadai hela ya redio na televisheni, sina televisheni.* Sio utapeli. Ujerumani kila kaya inalipa mchango wa utangazaji, euro 18.36 kwa mwezi. Ni kwa kaya, sio kwa mtu, kwa hiyo kama mnaishi wengi na mmoja analipa, andika namba yake ya malipo uwajibu. Usiitupe.

*Nimefeli kozi moja.* Uliza kama kuna mtihani wa marudio na kama unaweza kuufanyia hapa nyumbani chini ya usimamizi wa chuo chako, wengine wanakubali. Ikishindikana kozi hiyo utairudia hapa. Zilizobaki hazipotei.

*Chuo changu kimekataa krediti nilizorudi nazo.* Mkataba uliosainiwa, barua ya kubadilisha maksi, matokeo rasmi, vyote vitatu kwa mkuu wa idara, nakala ofisi ya kimataifa. Kijana mmoja ninayemfahamu walimkatalia kwa mdomo mara mbili, alipopeleka kwa maandishi akapitishwa kikao kilichofuata.

*Viza imetoka masomo yameshaanza.* Waulize kule kama wanakuruhusu kuchelewa, au wakusogeze semista inayofuata. Hela ya mradi, ile ya Umoja wa Ulaya inayolipa ruzuku yako, ina tarehe yake ya mwisho, kwa hiyo uliza ofisi zote mbili kabla hujakata tiketi mpya.

*Kuna mtu anataka laki tatu anifanyie maombi.* Mwambie asante. Maombi ni bure na hakuna wakala anayeweza kupeleka jina lako, linapelekwa na chuo.

*Chuo chetu hakina mkataba wowote.* Anayeomba hela za mradi ni chuo cha Ulaya, na dirisha lao linafungwa Februari kila mwaka. Kwa hiyo mtafute mwalimu wa idara yako aliyesoma huko au ana mradi na profesa wa huko, mfuate mapema, Agosti au Septemba, umuombe awaulize kama wanaweza kuwaingiza kwenye maombi yao. Nenda na mkuu wa idara akijua. Majibu yakija vizuri inaweza kuchukua mwaka na zaidi mpaka mwanafunzi wa kwanza aondoke, kwa hiyo kama uko mwaka wa kwanza anza sasa, kama uko wa tatu fanya tu kwa ajili ya wadogo zako na wewe uangalie ile ya Mundus.